Vestina Alipopika Mbegu

Siku Vestina alipopika mbegu hakuwa amekosana na mtu. Hilo ndilo lililowasumbua watu wa Murungu, kwa maana mwanamke akipika mbegu zake watu hutafuta sababu, na sababu huwa na jina: mume, mama mkwe, wifi, hawara wa mjini. Kwa Vestina jina halikupatikana.

Alikuwa na miaka ishirini na minne. Kwao ni upande wa Kasulu, kijiji cha mteremkoni ambako ukungu wa asubuhi huchelewa kuondoka kama mgeni aliyekaribishwa vizuri. Siku ya kuolewa mama yake alimpa ndoo, masufuria, vitenge, na dumu la maharage ya mbegu. Vitu vingine vilipakiwa nyuma ya gari. Dumu alipewa mkononi, akasafiri amelipakata mpaka Murungu. Ndani yake mlikuwa na mchanganyiko wa mama yake, ambao naye aliupata kwa mama yake: ya njano ndiyo mengi, kisha ya zambarau, mekundu yenye madoa, na meupe madogo machache yanayovumilia jua likizidi. Kila mama wa milima ile ana mchanganyiko wake. Mbegu hulazwa kwenye majivu zisiguswe na wadudu, dumu likafungwa kwa nguvu na kupandishwa darini, juu ya mafiga, penye moshi. Maharage ya kula hukaa kwenye kiroba, chini, pembeni mwa mlango. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua lipi ni lipi.

Na kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyemfundisha Vestina kwa maneno, ila alilijua, kama alivyojua kutolitaja jina la marehemu baba mkwe wake. Kwa watu wa pale, mwanamke anayetaka kuondoka bila kelele hupika mbegu alizokuja nazo na kuwapakulia watu wa nyumba. Wakishakula, hana tena cha kupanda kwao. Hapo ndugu zake huitwa waje kumchukua, na mtoto, kama yupo, hubaki kwa baba yake.

Vestina alikuwa na mtoto. Veronica, ambaye kila mtu alimwita Vero, ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuunganisha maneno mawili.

Mumewe, Felician, alikuwa seremala mjini Kibondo. Alilala huko kwenye chumba cha kupanga, akirudi nyumbani kila Jumamosi na mkate, sukari, na vumbi la mbao kwenye nyusi. Hakuwa mlevi. Hakuwahi kumwinulia mkono. Wakati wa uchumba alimtengenezea kigoda chenye ua lililochongwa katikati, na Vestina alicheka sana kwa sababu ua lenyewe lilifanana na kabichi. Enzi zile alikuwa mtu wa kucheka. Aliimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kigango, na akina mama walimpenda kwa kuwa aliweza kuwaigiza wote, hata padre.

Lini mambo yalibadilika, yeye mwenyewe hakuweza kusema. Haikuwa siku moja. Ni kama mguu unaoukalia ukiwa katika mazungumzo. Huusikii ukifa ganzi, unakuja kujua unapotaka kusimama. Simu yake ilitumbukia kwenye dimbwi la kuvundikia mihogo, akaiokota, akaifuta, akaiweka dirishani, na hakukumbuka kuijaribu tena. Walimchagua katibu wa kikundi cha akina mama, akasema asante. Kikundi kilipovunjika kwa ugomvi wa watu wengine akasema sawa. Rafiki yake wa shule aliolewa Kasulu, akamtumia kadi, hakwenda. Upepo uling'oa bati la jikoni, akasogeza sufuria mahali pasipovuja. Felician alimletea godoro jipya, nene, lenye maua ya bluu, akasimama mlangoni akisubiri uso wake ubadilike. Vestina aliligusa kwa kiganja na kusema ni zuri. Lilikuwa zuri kweli. Alilala juu yake kama alivyolala juu ya lile la zamani.

Alikwenda zahanati. Muuguzi aliyehamishiwa pale kutoka Dodoma alimpima malaria, hakuna. Akampima mimba, hakuna. Akamuuliza kama kuna mtu anayemtesa nyumbani. Vestina akafikiri kwa uaminifu kabisa na kujibu kwamba hakuna. Akapewa vidonge vya kuongeza damu.

Mtoto alimwogesha. Alimlisha, akambeba, akamfuta kamasi. Mikono yake ilifanya kila kitu, na yeye alikuwa nyuma ya mikono hiyo, mbali kidogo, akiitazama.

Mwezi wa pili ukafika, mahindi yamekauka, watu wakianza kusafisha mashamba wapande maharage. Mchana mmoja alipanda kwenye kigoda, akashusha dumu kutoka darini, akamimina maharage kwenye beseni na kuyaosha. Akayapika na kitunguu na mawese, akasonga ugali wa muhogo, akapakua. Walikula watatu: yeye, Vero, na mama mkwe wake, Niyomwungere.

Niyomwungere alikuwa mjane wa maneno machache, mwenye mazoea ya kula akitazama nje kupitia mlangoni. Siku hiyo katikati ya tonge aliacha kutazama nje. Akaangalia sahani. Akachambua kwa kidole harage moja la zambarau, lililopasuka, rangi yake imechujuka.

Akauliza, "Haya umeyatoa wapi?"

"Jikoni, mama."

"Kwenye kiroba?"

Vestina akainua macho darini. Hapo ndipo naye alipoona pengo mahali dumu lilipokuwa likikaa. Niyomwungere alimaliza kutafuna, maana kutema chakula ni dhambi nyingine, akanawa mikono polepole.

"Tumekula wote," akasema. "Hata mtoto amekula."

Tangu jioni ile alipika mwenyewe. Vestina akienda kuchochea moto, mwiko huchukuliwa mkononi mwake kwa upole, kama unavyomwondolea mgonjwa mzigo. Majirani walijua kabla jua halijazama mara ya pili. Walimsalimia kama kawaida, ila salamu zao zilikuwa na kituo ndani yake, mahali pa yeye kuanza kueleza. Akapita bila kueleza.

Ikapigwa simu Kasulu. Baba yake alikuwa na miguu mibovu, kwa hiyo angekuja baba yake mdogo, Nkunzimana, aliyesimamia pia mahari yake. Felician alipewa habari kwa simu vilevile. Mama yake alisimulia baadaye kwamba nyuma yake randa ilisikika, kisha akauliza, "Yote?"

Aliyewahi kufika ni Herieth, dada yake Felician, msusi wa saluni moja pale Kibondo. Alikuja na pikipiki asubuhi ya siku ya kikao, kucha zimepakwa rangi nusu. Alimvuta Vestina nyuma ya nyumba penye migomba.

"Wifi, usijichanganye," akamwambia. "Kesi yako nyepesi. Sema ulichanganya. Ulikuwa na homa, kichwa kizito, ukashika dumu ukidhani ni la kula. Mama atanuna wiki, basi. Mbegu nitakutafutia mimi sokoni."

"Dumu la kula halipo. Ya kula yako kwenye kiroba."

"We naye! Nani atapima? Sema una mashetani, basi. Sema chochote kilicho na mwisho." Akamtazama, utani ukamtoka. "Wifi, unajua Vero anabaki?"

Vestina akasema anajua. Herieth alisubiri machozi. Hayakuja, akaona aibu kwa niaba yake, akamsuka nywele palepale kwenye migomba, mistari ya kulala nyuma, ili angalau aonekane mtu mbele za watu.

Kikao kilikaa sebuleni. Nkunzimana alipewa kiti chenye mikono. Felician alikaa karibu na mlango na hakujua aweke wapi viganja vyake. Walianza na mvua, wakaenda kwenye bei ya mahindi, wakaulizana habari za ng'ombe ambao hakuna aliyekuwa nao. Kisha Nkunzimana akakohoa, akaanza kutafuta jina. Alimuuliza Vestina kama mume wake ana mwanamke mjini. Akasema hapana. Kama ananyimwa matumizi. Hapana. Kama mama mkwe anamsema. Hapana, mama hasemi. Kama wifi anamdharau. Herieth akabetua midomo, na Vestina akasema hapana, amenisuka leo asubuhi.

"Basi ulipitiwa," Nkunzimana akasema kwa matumaini. Aliipenda njia hiyo. Ilimrudisha Kasulu na jina la ukoo likiwa safi. "Mtu hupitiwa. Nyumba ina moshi, ina giza."

Niyomwungere alikuwa ameketi mkekani. Aliomba ruhusa ya kusema.

"Kiroba na dumu mtu anaweza kupitiwa. Sikatai. Lakini mbegu zina majivu. Majivu hayajiondoi. Aliyaosha."

Felician akamtazama mkewe kwa mara ya kwanza tangu kikao kianze.

"Mama Vero," akamwita, "ulikusudia?"

Neno moja lingetosha. Hapana, na angepika jioni ile kwenye jiko lake. Ndiyo, na kila mtu angejua afanye nini. Herieth alikuwa anamkodolea macho kumkumbusha. Vestina alitafuta ndani yake kama mtu anayepapasa ndani ya pochi, na alichokipata akakitoa.

"Niliyaosha," akasema. "Maji yakawa meusi, nikamwaga. Yakawa ya kijivu, nikamwaga. Halafu yakawa safi kabisa, nikayaona maharage chini yake, kila rangi. Nikafurahi. Siku nyingi sikuwa nimefurahi. Kama nilikusudia kuondoka, sijui. Kusema nilipitiwa nitakuwa nadanganya. Sijui, baba Vero."

Kwa "sijui" hakukuwa na utaratibu. Wazee wana la kufanya kwa anayekiri na kwa anayekana. Huyu alikuwa amesimama katikati, mahali ambapo hakuna kiti. Nkunzimana alijikuna shingo. Hatimaye akasema mtu asiyejijua hupelekwa kwa waliomzaa, wamuulize wao. Atakaa Kasulu mpaka akili itulie. Felician alisema labda ni vizuri apumzike kidogo. Alilisema kwa sauti ya huruma, na lilikuwa jambo la huruma, na ndilo lililomwondoa. Niyomwungere akakumbusha kwamba mtoto ni wa pale. Hakuna aliyebisha. Vestina naye hakubisha.

Asubuhi akavaa, akafunga nguo zake kwenye kitenge. Vero alikuwa bado amelala. Mbeleko ilikuwa imetundikwa msumarini na mikono yake, kwa mazoea, ikaichukua na kuifunga mgongoni, tupu.

Felician aliwasindikiza mpaka mjini, wao kwenye pikipiki moja na yeye kwenye nyingine, akawalipia nauli, akaagana na Nkunzimana kwa mikono miwili na kwa Vestina akaishia kusema, "Utapiga simu." Kisha akakumbuka simu ilikufa kwenye dimbwi. Alisimama kidogo, akaenda kazini.

Basi la Kasulu lilikuwa linasubiri kujaa. Nkunzimana alishuka kutafuta tumbaku. Kwenye kiti cha pembeni ya Vestina alikaa mama wa Kikongo, mnene, mchangamfu, mfuko wake wa vitenge umemjaa mapajani. Alisema anaitwa Apoline, anarudi kambini Nyarugusu, alikuja kumwona dada yake aliyejifungua. Akatoa karanga, akamgawia bila kuuliza. Akaitazama mbeleko.

"Na mutoto iko wapi?"

"Kwa bibi yake."

"Iko mukubwa?"

Vestina akamwonyesha kwa kiganja, kimo cha goti na kidogo.

"Aaa, huyo bado. Utarudia kumukamata siku gani?"

Vestina akasema hajui, hakupewa siku. Apoline akacheka, maganda ya karanga yakiwa midomoni.

"Mie kutoka tu kambini naombaka permis. Wanaandika: unatoka leo, unarudia siku ile. Hii hapa, kesho imekwisha. Nachukia hiyo karatasi, lakini iko na siku." Akaacha kucheka. "Permis haina siku, dada, ile si permis. Ile ni kukufukuza."

Hakulisema kwa ubaya. Aligeuka dirishani kubishana na muuza maji. Vestina alikaa na karanga kiganjani. Alisubiri maneno yale yamchome, yakamgusa kama mvua inavyogusa bati mtu akiwa ndani: aliyasikia tu. Lakini aliyasikia vizuri, na aliona kwamba yalikuwa kweli. Alisimama, akaomba njia.

Nkunzimana alikuwa anarudi, tumbaku mkononi.

"Baba mdogo, ninarudi Murungu."

"Umesahau kitu?"

"Hapana. Ninarudi kukaa."

Mzee alitazama kulia na kushoto, akamsogeza pembeni ya basi ili watu wasisikie. Akamweleza kwa uvumilivu, kama anamweleza mtoto. Mwanamke aliyechukuliwa na watu wake harudi mwenyewe. Hufuatwa. Watu wa mume watakuja Kasulu na pombe, watakaa, watabembeleza, na ndugu zake watawakatalia kidogo kwa heshima, ndipo atarudi akiwa ametangulizwa mbele. Hata kama ni baada ya mwaka.

"Ukirudi kwa miguu yako leo," akasema, "umejirudisha kama mbuzi jioni. Siku wakikufukuza kweli mimi sitakuwa na mdomo wa kusemea. Unanielewa?"

"Nimekuelewa, baba mdogo."

"Na huoni aibu?"

Vestina aliitafuta aibu. Aliitafuta kwa dhati, maana aliulizwa na mkubwa. Mwaka mmoja nyuma ingemkalisha kwenye kiti cha basi mpaka Kasulu na kumweka kwao miezi mingi akisubiri watu na mtungi wa pombe. Sasa haikuwepo. Kile kilichomwondolea ladha ya sukari na furaha ya godoro kilikuwa kimemwondolea na hii pia, na pale ilipokuwa ikimzuia palibaki pa kupita.

"Sioni," akajibu.

Nkunzimana hakumshika mkono. Alisema atawaambia nyumbani kwamba alimwacha njiani, na kama watamlaumu watamlaumu yeye. Kisha akapanda basi akiwa na hasira, na kupitia dirishani akampitishia kifurushi cha nguo alichokuwa amekisahau kitini.

Alipanda bodaboda, na pale mvua ilipokuwa imeharibu barabara akashuka akatembea. Watu wa Murungu walimwona. Mwanamke aliyekuwa akipalilia alinyoosha mgongo na kumwita mwenzake. Wengine hata hawakujificha kucheka. Wote walimwona asubuhi akiondoka na mzee wake, na sasa huyo anarudi peke yake, matope mpaka magotini, mbeleko mgongoni. Mmoja aliuliza kwa sauti kama Kasulu imehamia karibu. Vestina alimsalimia na kupita.

Niyomwungere alikuwa uani akimenya mihogo. Vero alikaa kando yake, amebeba ganda refu shingoni kama mkufu. Mama mkwe aliona miguu kwanza, kisha akapandisha macho.

"Nani amekuleta?" akauliza, maana hivyo ndivyo huulizwa.

"Nimejileta, mama."

Kisu kikaendelea kwenye muhogo, kikatoa ganda zima bila kukatika. Niyomwungere aliutupa muhogo kwenye beseni, maji yakaruka.

"Basi umetuokolea pombe."

Vestina akabaki amesimama. Aliona ni haki aseme lililo kweli kabla ya kukaribishwa, wasije wakamkaribisha mtu mwingine.

"Sijapona, mama. Moyo wangu bado sijui uko wapi. Nimerudi hivyohivyo."

"Moyo nani kakuuliza?" Niyomwungere akasogea kwenye mkeka, akaacha nafasi. "Mimi nilipoolewa hapa miaka mingapi sijui nilikuwa natembea tu. Hakuna aliyegundua, kwa sababu sikuharibu kitu." Akashika muhogo mwingine, kama amesema mengi kuliko alivyopanga. "Kaa. Felician akija Jumamosi utamwambia mwenyewe. Kisu kingine kiko ndani, lakini kwanza kaa."

Vestina akakaa. Vero alimtazama kwa muda, bila haraka, kama anavyotazama kuku mgeni. Hakukimbilia. Alimaliza kwanza alichokuwa anakifanya na ganda lake, ndipo akaja, akajipandisha mapajani kwa mama yake kwa magoti na viwiko, akajipanga, akatulia. Alikuwa mzito. Baada ya kitambo akakojoa.

Kitenge kikalowa. Mkojo ulipenya mpaka kwenye ngozi, ukateremka kwenye paja, na ulikuwa wa moto. Vestina aliusikia moto ule. Niyomwungere akasema amwondoe basi, atalowa mwili mzima. Vestina akasema ndiyo, mama, na hakumwondoa.